Kwa nini miche ya kitalu nyumba inababuka ikitoka nje: seli za mmea zinavyoipokea UV

#1 MicheGoba (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Kila msimu wa kupanda ukikaribia hapa Dar kuna jambo linaniumiza. Mtu ananunua miche ya nyanya au hoho kitaluni, mizuri, majani laini ya kijani, anaipeleka shambani Kigamboni au Bunju na kuipanda. Siku chache baadaye majani yamepauka, mengine yana mabaka meupe yaliyokauka. Lawama zinakwenda kwa mbegu, au kwa muuza dawa, au kwa aliyekuza miche.

Mimi nilisoma botania na sasa nakuza miche huku Goba. Ninachokiamini ni hiki: miche mingi inaharibika kwa sababu kuna taarifa haikupewa mapema. Mmea una chombo ndani ya seli zake cha kupokea habari za jua kali, na ukishaipata habari unajijengea kinga. Ukikuzwa mahali ambapo habari hiyo haifiki, unatoka nje mtupu. Naomba nieleze kwa kirefu, wenye maswali karibuni.

Mionzi ya urujuanimno, ambayo wengi tunaiita UV, hugawanywa kwa urefu wa mawimbi. UV-C iko chini ya nanomita 280, UV-B ni 280 hadi 315, UV-A ni 315 hadi 400. UV-C ya jua yote inaishia juu angani. UV-B nyingi inamezwa na ozoni, na inayofika chini ni ndogo sana ukiilinganisha na UV-A. Lakini hiyo ndogo ndiyo yenye nguvu ya kuvuruga DNA moja kwa moja.

Sasa Dar. Tuko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana linapita utosini mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Ziangalieni tarehe hizo. Moja inakuja masika yakikaribia, nyingine vuli ikianza. Ndipo hasa watu wanapotoa miche kitaluni. Jua likiwa utosini miale yake inapita kwenye ozoni kwa njia fupi kuliko wakati wowote, na UV-B inayofika kwenye jani inakuwa kubwa. Hata mwezi wa sita, jua likiwa limehamia kaskazini, saa sita na ushee mchana bado linapanda hadi nyuzi 60 hivi kutoka upeo wa macho. Hapa kwetu hakuna msimu ambao mche unatoka nje ukakuta jua dogo.

#2 MicheGoba

Naendelea, kipokezi chenyewe.

Kwa muda mrefu wataalamu walivijua vipokezi vya mwanga mwekundu, yaani fitokromu, na vya mwanga wa buluu, yaani kriptokromu na fototropini. Cha UV-B hakikujulikana. Mwaka 2002 Daniel Kliebenstein na wenzake walieleza habari za mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis thaliana, wenye hitilafu kwenye jeni moja. Ukiwekwa kwenye UV-B unaungua wakati wenzake wa kawaida wanavumilia. Jeni hiyo ikaitwa UVR8. Mwaka 2011 watafiti wa kundi la Roman Ulm wakaonyesha kwenye jarida la Science kwamba protini ya UVR8 ndiyo kipokezi cha UV-B chenyewe. Mwaka uliofuata umbo lake likachapishwa na makundi mawili tofauti.

Umbo lake ni la pangaboi lenye mapanga saba. Kusipokuwa na UV-B, protini mbili zinakaa uso kwa uso, zimeshikana kwa chaji: sehemu zenye chaji chanya za moja zimeelekea sehemu zenye chaji hasi za mwenzake.

Hapa ndipo ninapopapenda. Vipokezi vingine vya mwanga hubeba molekuli ya ziada ya kunasia mwanga. UVR8 haina. Inatumia triptofani, asidi amino ya kawaida kabisa ambayo tunaipata hata kwenye maharage na mayai, na ambayo tayari ni sehemu ya mwili wa protini hiyo. Triptofani kwa asili yake humeza UV-B. Pale protini mbili zinapokutana kuna triptofani kadhaa zilizobanana, na iliyo nafasi ya 285 ndiyo yenye kazi kubwa, ikisaidiwa na ya nafasi ya 233. Zikishameza UV-B, vishikizo vya chaji vinalegea na jozi inaachana. Watafiti walipoiondoa ile ya 285 na kuweka asidi amino nyingine, fenilalanini, mahali pake, jozi haikuachana tena na mmea ukawa kipofu kwa UV-B. Asidi amino moja tu kati ya 440.

Jozi ikishaachana, protini hizo zinajikusanya kwenye kiini cha seli na kuikamata protini nyingine, COP1. Kazi ya COP1 siku zote ni kuitia alama protini iitwayo HY5 ili ivunjwevunjwe. COP1 ikishakamatwa, HY5 inasalimika, inaongezeka, na inaanza kuwasha jeni. Mojawapo ya jeni hizo ni ya kimeng'enya cha chalkoni sinthesi, kinachofungua njia ya kutengeneza flavonoidi. Flavonoidi zinarundikwa hasa kwenye seli za ngozi ya juu ya jani. Zinaimeza UV-B hapo hapo juu, na mwanga unaohitajika kwa usanisinuru unapita kwenda chini kwenye kloroplasti.

Naomba mtilie maanani muda. Jozi kuachana ni suala la sekunde hadi dakika. Jeni kuwashwa ni ndani ya saa chache. Lakini ngozi ya jani kujaa flavonoidi kunachukua siku kadhaa. Kwenye pengo hilo ndipo miche inapoumia.

#3 KijanaTegeta

Mkuu umeshusha nondo, heshima yako. Nina swali. Kitalu nyumba changu nailoni yake ni angavu na mwanga unaingia tele, ndani unafumba macho. Sasa taarifa inakosekana vipi? Halafu wakati nanunua niliambiwa hiyo nailoni imewekewa UV, nikajua ni kwa faida ya mimea.

#4 MicheGoba

Mkuu KijanaTegeta, swali lako ni muhimu sana na wengi wanauziwa bila kuelezwa.

Mwanga unaoufumbia macho ni ule unaoonekana. UV-B huioni, kwa hiyo macho yako hayawezi kukuambia kama imo ndani au haimo. Kioo cha kawaida cha dirisha kinazuia karibu UV-B yote huku UV-A nyingi ikipita. Nailoni tupu ya polithini inapitisha UV-B, lakini ikiachwa hivyo juani inachakaa haraka, inakuwa ngumu na kupasuka. Ndiyo maana kiwandani wanaichanganya na kemikali za kuilinda. Ukiambiwa nailoni imewekewa UV, maana yake imewekewa kinga dhidi ya UV ili yenyewe idumu. Baadhi ya kemikali hizo zinaimeza UV, na matokeo yake ni kwamba mche ulio chini unaona jua angavu lenye joto ambalo ndani yake UV-B ni haba. UVR8 zake zinabaki zimeshikana, COP1 inaendelea kuivunja HY5, na ngozi ya jani inabaki wazi.

Neti ya kivuli ni habari nyingine. Inapunguza kila aina ya mwanga kwa kiasi kinachokaribiana, na UV-B iliyotawanyika angani inapenya kwenye matundu. Mche wa chini ya neti unapata taarifa ndogo, lakini unaipata.

Kuna jambo jingine utaliona kwa macho. UV-B inazuia shina kurefuka. Miche ya ndani ya nailoni ikibanana inakuwa mirefu, myembamba, inayoinama. Chanzo kikubwa ni msongamano na kivuli cha jani kwa jani, ila kukosa UV-B kunaondoa breki moja muhimu. Imeonyeshwa kwamba UV-B, kupitia UVR8, inapunguza ile tabia ya mmea kujirefusha ukihisi umefunikwa na jirani.

#5 MzeeWaBonde

Vijana nawasoma. Mimi nimelima mboga bonde la Msimbazi tangu nikiwa kijana. Miche inababuka kwa joto na kwa maji. Ukiing'oa mizizi inakatika, ukiipanda mchana jani linatoa maji kuliko mzizi unavyovuta, linakauka. Hayo ya protini nayaheshimu lakini tusiwape watu sababu ya kuacha kumwagilia.

#6 MicheGoba

Shikamoo mzee wangu. Uliyosema ni kweli na nisingependa mtu asome uzi huu akaacha keni ya maji. Mabaka meupe tunayoyaona mengi chanzo chake kikubwa ni mwanga mkali kwa ujumla, pamoja na joto na ukosefu wa maji. Klorofili inanasa nguvu nyingi kuliko jani linavyoweza kuitumia, nguvu ya ziada inazaa kemikali zinazounguza, klorofili inaharibika na sehemu hiyo inapauka. UV-B inaongezea juu ya hapo, haifanyi kazi peke yake.

Ila nakuomba ulitazame na hili. Mwaka 2009 watafiti walichapisha jaribio la kutenganisha mambo hayo. Mimea ilipewa kwanza UV-B hafifu, halafu baadaye ikapigwa na UV-B kali. Ya kawaida ilistahimili. Ile yenye hitilafu kwenye UVR8 au COP1 ilidhurika, ingawa nayo ilipewa maandalizi yale yale. Kwa hiyo maandalizi yanafanya kazi, na yanapita njia hii ya UVR8. Zaidi ya hapo, flavonoidi nyingi zinasaidia pia kuzima zile kemikali zinazounguza, ndiyo maana mche ulioandaliwa unapata nafuu hata kwenye mwanga mkali wa kawaida.

Na nyinyi wazee mmekuwa mkiianika miche kidogo kidogo kabla ya kuihamisha. Kilichokuwa kinatokea ndani ya jani ndicho ninachokieleza.

#7 MzeeWaBonde

Marahaba. Hapo sawa. Sisi tulianika asubuhi tu, tunafunika kwa makuti jua likipanda.

#8 MamaHoho

Mtoa mada asante kwa elimu. Lakini mimi nina hoja kinyume. Nilibadilisha nailoni nikaweka inayozuia UV na nzi weupe walipungua kabisa. Nyanya zangu zilikuwa zinapata rasta kila mara, majani yanakunjamana, mmea unadumaa. Sasa ukiniambia UV ni nzuri, nirudi kule nilikotoka?

#9 MicheGoba

Usirudi dada yangu. Uliloliona ni sahihi. Nzi weupe wanatumia UV kuona na kujua waelekee wapi, na mahali ambapo UV imeondolewa hawapaingii kirahisi wala kutawanyika vizuri. Wao ndio wanaosambaza virusi vya kukunjamana kwa majani, hiyo tunayoiita rasta, na mche ukiambukizwa ukiwa mdogo umekwisha. Kwa nyanya na hoho za hapa Dar, kinga hiyo ina thamani kubwa mno.

Kwa mazao yanayoishi ndani ya kitalu mpaka kuvunwa, nakuunga mkono asilimia zote. Hayatakutana na jua la nje, kwa hiyo hayahitaji kuandaliwa kwa ajili yake. Shida ni miche inayotoka. Hiyo nashauri ikae ndani inapokuwa michanga kabisa, halafu iwe na siku zake za mwisho nje, chini ya neti yenye matundu madogo ya kuzuia wadudu, ambako hewa na UV vinapita.

Na upande wa pili wa shilingi upo. Mmea uliopata UV-B unakuwa na jani nene na kemikali nyingi zisizopendwa na baadhi ya wadudu. Kwenye Arabidopsis imeonekana kwamba UV-B kupitia UVR8 inaongeza ukinzani dhidi ya kuvu ya Botrytis, ile inayoleta ukungu wa kijivu. Mkulima anachagua anapambana na adui yupi kwanza. Kwa rasta, hata mimi ningeanza na nzi weupe.

#10 BintiIlala

Samahani kama swali langu liko nje. Sisi tunaambiwa UV inaleta saratani ya ngozi. Mimea inashinda juani tangu asubuhi hadi jioni. Mbona hatusikii mwembe wenye saratani ya jua?

#11 MicheGoba

Liko ndani kabisa dada.

UV-B inapoipiga DNA, herufi mbili za jirani (yaani vipande vidogo vinavyoijenga DNA), hasa T na T, zinagandamana na kushikana vibaya. Mashine ya kusoma DNA ikifika hapo inakwama. Hili linatokea kwetu na kwenye jani vilevile. Mmea una kimeng'enya kinachoitwa fotoliasi. Kinashika pale palipogandamana, kisha kinatumia mwanga wa buluu na UV-A kuzitenganisha herufi, DNA inarudi ilivyokuwa. Jua linaloharibu ndilo hilo hilo linalotoa nguvu ya kutengeneza. Sisi binadamu fotoliasi hatuna. Tunategemea njia ndefu zaidi ya kukata kipande kibovu na kukijaza upya, ambayo mimea nayo inayo na inaweza kuitumia hata gizani. Aziz Sancar, aliyefanya kazi kubwa juu ya fotoliasi na njia hiyo ya pili, alikuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2015.

Na inafurahisha kwamba jeni za fotoliasi nazo ni miongoni mwa zinazoamshwa na njia ya UVR8. Mmea ukipokea taarifa unajenga kinga ya juu ya ngozi na kuandaa mafundi wa ndani kwa wakati mmoja.

Kuhusu saratani, seli za mmea zimezungushiwa kuta na zimegundishana, haziwezi kusafiri. Uvimbe ukitokea unabaki palepale ulipoota. Hakuna kusambaa mwilini, na kusambaa ndiko kunakoifanya saratani iwe muuaji kwetu.

Kwa kuwa umetaja mwembe: utazame unapochipua. Majani mapya yananing'inia, laini ukiyashika, rangi ya damu ya mzee. Baada ya muda yanakakamaa na kuwa kijani. Rangi ile ni antosianini, nayo imo katika ukoo wa flavonoidi. Antosianini hasa inapunguza makali ya mwanga unaoonekana kwenye jani ambalo kloroplasti zake bado ni changa. Kazi kubwa ya kuimeza UV-B inafanywa na ndugu zake wasio na rangi, ambao huwaoni kwa macho.

#12 FundiKkoo

Wakuu kuna taa za kukaushia kucha zimejaa Kariakoo, zimeandikwa UV. Na kuna zile za zambarau za mimea. Nikiwamulikia miche ndani haitoshi?

#13 MicheGoba

Haitoshi mkuu. Taa za kucha zinatoa UV-A na kuendelea hadi zambarau, kuanzia nanomita 365 hivi hadi 405. UVR8 inaamka vizuri karibu na nanomita 285. Za zambarau za mimea ni mchanganyiko wa nyekundu na buluu kwa ajili ya usanisinuru, mara nyingi UV-B hamna humo.

Kuna nyingine naomba sana msizisogeze kwenye mimea wala kwenye macho yenu: taa za kuulia vijidudu. Zinatoa UV-C ya nanomita 254. Hiyo si taarifa tena, ni kuunguza moja kwa moja. Jua la Dar linatosha na ni bure.

#14 KijanaTegeta

Basi mkuu tupe utaratibu unaoutumia wewe.

#15 MicheGoba

Mimi huanza miche ikishakuwa na majani halisi mawili au matatu yaliyokomaa. Naitoa nje chini ya neti kwanza, maji ya kutosha, upepo kidogo. Kosa ninaloliona kwa wengi ni kuishia kwenye jua la saa moja asubuhi. Jua la wakati huo liko chini, miale inapita kwenye ozoni kwa njia ndefu, UV-B yake ni kidogo mno. Linafaa kwa siku za mwanzo tu. Baada ya hapo sogeza muda taratibu hadi saa tatu, saa nne, ukiangalia jani. Likilegea mchana na kusimama jioni, endelea. Likianza kupauka, rudi nyuma hatua moja. Siku za mwisho ikae juani mchana kutwa, na ndipo uihamishe, jioni au siku ya mawingu, kwa sababu zile alizotueleza MzeeWaBonde.

Mche ulio tayari utaujua kwa mkono. Jani linakuwa gumu kidogo ukilibana kati ya vidole, kijani chake kimekolea, shina fupi nene, na kwenye nyanya utaona shina limeshika rangi ya zambarau upande wa jua.

Kitu kingine: kipokezi hiki hakibaki kimewaka. UV-B ikiondoka, protini ziitwazo RUP1 na RUP2 zinazirudisha UVR8 kwenye jozi ndani ya saa moja au mbili. Kwa hiyo usiianike siku moja kisha ukairudisha ndani wiki nzima ukidhani kazi imeisha. Majani yanayoota huko ndani yatakuwa yale yale yasiyojua kitu.

#16 MwalimuBaiolojia

Nafundisha sekondari hapa jijini. Mkuu, kuna namna wanafunzi wanaweza kuliona hili bila maabara ya gharama?

#17 MicheGoba

Ipo mwalimu, tena nzuri. Tafuta mbegu za saladi yenye majani mekundu. Otesha kwenye trei mbili, udongo mmoja, maji sawa, zote ziwe nje juani. Moja ifunike kwa kipande cha kioo cha dirisha kilichoinuliwa juu ya matofali ili hewa ipite. Nyingine ifunike vilevile kwa polithini nyembamba angavu isiyowekewa kinga ya UV, iliyovutwa kwenye fremu. Mwanga unaoonekana na joto vitakaribiana, tofauti kubwa itakuwa UV-B. Waambie wapime urefu wa mmea na waangalie wekundu wa majani. Chini ya kioo tegemea kijani zaidi na wekundu uliofifia.

Usitumie mchicha mwekundu kwa jaribio hili. Wekundu wake ni betalaini, kemikali ya ukoo tofauti kabisa na flavonoidi, na wanafunzi wakiutumia watafikia jibu ambalo halihusiani na njia hii. Trei zibadilishane nafasi mara kwa mara ili kivuli cha jengo kisiharibu matokeo. Ukipenda, nitumie ujumbe nikuchoree fremu.